Rubani Aliyehesabu Kwelea

Baba mkubwa wangu alikuwa akiwapiga kwelea dawa jioni, na asubuhi anarudi kuwahesabu kwa miguu.

Nalijua hilo vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimwendesha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimerudi nyumbani kutoka machimbo ya Kahama na begi moja na redio iliyokufa, naye akanitafutia kazi ya kuendesha pikapu katika kikosi cha kuua ndege waharibifu, kwenye mbuga za mpunga upande wa Bunda. Kazi yangu ilikuwa kubeba mapipa ya dawa, kuweka alama pembeni ya matete wanamolala kwelea, kisha kukaa mbali, upande upepo unakotoka. Jua likigusa vilima, yeye anakuja na kindege chake cha injini moja, chini kabisa, magurudumu karibu yapanguse matete. Anapita mara tatu au nne, anaondoka. Marubani wengine wakimaliza hapo walikwenda kuoga. Yeye alfajiri yake unamkuta amesimama kando ya pikapu, amevaa mabuti ya mpira, ameshika fimbo na daftari la shule. Na kabla hajapanda, lazima aizunguke pikapu nzima. Anapiga teke kila tairi, anainama kutazama chini ya injini, anashika taa kama anayemshika ng'ombe pembe. Alizunguka kila kitu namna hiyo: gari, baiskeli, hata kiti kabla ya kukikalia.

"Twende, mura," anasema, yaani kijana. "Tukaone tulichofanya."

Tulichofanya kilikuwa zulia la kwelea chini ya matete, midomo myekundu imeelekea kila upande. Alipima hatua kumi kwa kumi, akahesabu waliomo humo, akawageuza kwa fimbo, akaandika. Lakini waliokufa bila kuwa kwelea aliwahesabu mmoja mmoja, mbuga nzima. Mwewe. Bundi. Korongo. Siku moja mbwa wa mtu. Kwa mbwa yule tulitembea nusu siku tukimtafuta mwenyewe, tukamkuta, na baba mkubwa akavua kofia akamwambia, "Mimi ndiye niliyemuua mbwa wako." Yule bwana alimtazama hivi, akasema mbwa mwenyewe alikuwa mwizi wa mayai.

Kisha tunazunguka vijijini kuwakataza watu wasile. Akina mama walikuwa wameshaokota na mabeseni yamejaa.

"Mama, mwaga. Hiyo nyama ina sumu."

"Rubani, wewe unakulaga sato huko mjini, sisi unatunyima hata mboga?"

"Mwaga, mama yangu. Kesho nakuletea dagaa."

"Wa Musoma au wa wapi?"

"Wa Musoma."

"Wasiwe na mchanga."

Na kesho yake, kweli, tunapeleka dagaa. Nimeendesha magari ya watu wengi tangu wakati ule, sijapata tena bosi wa namna hiyo.

Siku moja nilimuuliza, "Baba, kwa nini unawahesabu wote hivi? Ofisini hawajakuagiza."

Alikuwa anafuta fimbo kwa majani. "Nilishawahi kufanya kazi ambayo sikuiona chini," akasema.

Maneno hayo yalinipita kama nguzo za umeme zinavyompita dereva. Nilikuwa nafikiria chai. Msimu ulipokwisha nikaacha kazi, nikaenda Arusha, kisha Singida, kisha Tunduma. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nikikaa mahali miezi minane naanza kusikia harufu ya mahali pengine, na nikifika huko pengine naanza kukumbuka nilikotoka. Hiyo ndiyo tabia yangu na siiombei radhi. Imenifundisha barabara nyingi.

Kuhusu vita vyake nilichokijua kilijaa kiganjani. Alitoka shule ya sekondari akachaguliwa kujifunza urubani, akapelekwa nchi ya baridi ambako, kwa maelezo yake, walilala na soksi mikononi. Akarudi akiwa rubani wa ndege za vita. Vita vya Kagera vilipoanza, yeye alikuwa miongoni mwa waliopeleka mabomu. Mambo ya chuma alinisimulia bila kinyongo. Alinieleza jinsi ndege inavyokuwa nzito ikiondoka, na jinsi mabomu yakishaachiwa inavyoruka kidogo juu yenyewe, kama punda aliyeshushiwa gunia. Ukimuuliza kilichokuwa chini, anasema, "Moshi." Ukimuuliza baada ya moshi, anasema, "Baada ya moshi unageuka. Mafuta yana mwisho."

Nilidhani anaficha. Sasa najua hakuwa na cha kuficha.

Habari yenyewe niliipata kwa shangazi, dada yao, aliyeolewa Butiama. Nilikuwa nimempelekea sukari, akanipa maharage nimsaidie kuchambua, na mikono yake inapokuwa na kazi mdomo wake unafunguka.

Kijijini kwetu Buswahili, mtu aliyerudi vitani hakuingia tu nyumbani akakaa. Aliulizwa. Kama ameua, kondoo anachinjwa, majani yaliyomo tumboni mwa yule kondoo yanapakwa mikononi mwa aliyeua, kisha mikono inaoshwa kwa maji, mara moja kwa kila mtu aliyemuua. Ndipo anaweza kula sinia moja na wenzake, na ndipo anaweza kumshika mtoto mchanga. Watu wa kwetu ni Wakristo, Jumapili kanisani panajaa, na bado jambo hili walilifanya, kwa sababu hakuna aliyetaka mikono ile iguse mtoto wake.

"Vijana walirudi wengi mwaka ule," shangazi alisema. "Baba, yaani babu yako, akawakalisha hapo uani. Wewe, uliua? Ndiyo. Wangapi? Wawili. Haya, osha mara mbili. Wewe? Mmoja. Haya. Mwingine akasema hapana, mimi nilikuwaga mpishi. Tukacheka, akaenda kunywa pombe yake. Ikafika zamu ya kaka yangu."

"Akasema nini?"

"Akasema sijui."

Alitupa kokoto, akaendelea. "Baba akadhani hajasikia. Alisema madege yamemuua masikio. Akauliza tena kwa sauti. Uliua? Sijui, baba. Niliachia nikaona moshi. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, sasa moshi tutauoshaje? Watu walikuwa na njaa, nyama inaiva. Wakamwambia, kijana, taja mmoja tu, tule. Akakataa. Akasema, nikitaja mmoja na walikuwa ishirini? Nikitaja ishirini na hapakuwa na mtu?"

"Ikawaje?"

"Ikawa hivyo hivyo. Hakuoshwa, wala hakuambiwa yu safi. Wakala. Yeye akapewa sahani yake pembeni."

Sahani ile ameitumia maisha yake yote. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtenga kwa neno. Aliondoka jeshini, akarusha ndege ndogo zilizopeleka madaktari na chanjo visiwani, kisha akaja kwenye kwelea mpaka akastaafu. Watu wa mkoa mzima wa Mara walimheshimu. Wazee waliomuuliza swali lile walikufa mmoja mmoja mpaka wakaisha, na yeye akaendelea kula peke yake. Watoto wake wawili, ambao sasa wako Dar es Salaam na familia zao, walipozaliwa hakuwashika mpaka walipoanza kutembea. Siku moja nilimwambia, kwa kiburi cha mtu aliyefika kidato cha nne, kwamba padri amekwisha kumwondolea dhambi, kwa nini anajisumbua. Akanijibu taratibu, "Dhambi padri aliiondoa. Hii si dhambi. Hii ni mikono."

Sasa niseme lililonihusu mimi.

Nina miaka arobaini na minne, na mwaka jana nimepata mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Mama yake ni binti wa wavuvi kutoka upande wa rasi, mwanamke anayecheka kabla sijamaliza utani. Tunaishi Mukendo, mjini Musoma, vyumba viwili, na mimi naendesha lori la dagaa kati ya Musoma na Mwanza. Kwa mara ya kwanza maishani miezi minane ilipita na sikusikia harufu ya mahali pengine.

Kwetu mtoto hutolewa nje. Kitovu kikishaanguka na mama amepata nguvu, mkubwa wa ukoo upande wa baba humpokea mtoto ndani, anavuka naye kizingiti, anamwonyesha zizi, shamba na makaburi, na kumwambia hapa ni kwenu. Lazima awe mkubwa. Mimi na ndugu zangu, na wale watoto wawili wa baba mkubwa, babu akiwa ameshafariki, wote tulitolewa na baba yangu mzazi, ambaye alikuwa mdogo lakini mikono yake haikuwa na swali. Baba yangu amekufa. Mkubwa aliyebaki ni mmoja tu.

Tena macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Anaona katikati tu, pembeni giza. Yeye mwenyewe alisema ni kama kutafuta uwanja wa ndege kwa kuchungulia kwenye bomba la maji. Kila nilipokwenda kumwona, bomba lilikuwa limepungua. Nilitaka amwone mwanangu angali anaona, na nilitaka amtoe nje yeye. Nilipofikiria mtoto wangu akue kama nilivyokua mimi, mtu asiyejua anaondokea wapi, nilikosa raha.

Nikampigia simu.

"Mtafute mtu mwingine," akasema.

"Hayupo mwingine, Baba."

"Basi mtoto asubiri."

"Asubiri nini?"

"Mimi nikiondoka, mkubwa ni wewe. Utamtoa mwenyewe."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyokuwa akinitajia upepo wa tairi siku za kwelea. Nilikata simu. Mke wangu alikuwa amesikia. "Kwetu mtoto anatolewa na yeyote aliyeamka mapema," akasema. Akaona uso wangu, akaacha utani. "Huyo mzee siwezi kumsubiri afe ili mwanangu aone jua. Fanya kitu."

Nilifanya. Mimi kukaa nikisubiri sikuwahi kujifunza.

Bunda, karibu na stendi, kuna mzee anayetengeneza cherehani. Siku za kwelea tulipita kwake mara nyingi. Baba mkubwa anakaa kwenye benchi, wanakunywa chai, wanazungumza habari za vyuma, wanaagana. Nilijua kwamba walikuwa pamoja jeshini. Nilijua pia kwamba fundi huyu ndiye aliyekuwa akiyaning'iniza mabomu chini ya mbawa kabla ndege haijaondoka. Nilipita na lori tupu, nikaegesha, nikamkuta ameinamia cherehani ya mtu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Bado unazurura?"

"Nimetulia. Nina mtoto."

"Wanaume hawatulizwi na mtoto, wanatulizwa na magoti. Magoti yako yakoje?"

"Yanaanza kulia."

"Basi nakuamini. Kaa."

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye sahani ya pembeni aliweka bisibisi chini.

"Mpaka leo anasema hajui?"

"Mpaka leo."

"Mjinga yule." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Hata mimi waliniulizaga, huko kwetu. Tuna mambo hayo hayo. Nikasema watatu."

"Uliua watatu?"

"Ningemuua nani, nami nilikuwa uwanjani nimeshika spana? Lakini niliyaning'iniza mimi. Nikaona nikisema hapana nitakuwa mwongo, nikisema sijui sitakula. Nikasema watatu. Wakaniosha mara tatu, jioni ile ile nikala na watu." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Mabomu ni yale yale, kijana. Yametoka mkononi kwangu yakaenda kwake. Mimi nikaosha kwa uongo nikala na watu. Yeye akasema kweli akala peke yake. Na kila alipokuja hapa kunywa chai, hakuniuliza hata siku moja, nami sikumwambia."

Akaichukua bisibisi. "Jumamosi nakuja. Usimwambie."

Jumamosi nikaazima gari dogo. Fundi alitusubiri njia panda ya Makutano na mfuko wa embe, akakaa mbele. Tukapita Butiama kumchukua shangazi, ambaye alikuja na kikapu na maelekezo ya namna ya kuendesha. Mke wangu alikaa nyuma na mtoto amemfunika kanga nzima kichwani, kwa sababu shangazi aliamuru jua lisimwone kabla ya wakati. Njia ya Buswahili ilikuwa ya vumbi, na kila shimo shangazi alinitaja mimi, siyo barabara.

Tulipofika, mke wangu akaingizwa moja kwa moja ndani na mtoto wake. Baba mkubwa alitoka, akasimama, akaanza kulizunguka gari. Alilizunguka taratibu, kichwa akikigeuza huku na huku ili lile bomba lake lipite kila mahali.

"Tairi la nyuma kushoto halina upepo wa kutosha," akasema. Kisha bomba likamfikia fundi. Akasimama. "Wewe nani kakuita?"

"Njaa."

"Bunda chakula kimekwisha?"

"Kipo, ila Bunda hakuna anayekula peke yake nikamwangalie."

Baba mkubwa alinitazama mimi. Sikuinamisha macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima.

Chakula kikaja. Sinia la ugali, samaki furu wa kuchemsha, mlenda. Na pembeni, kama kila siku, sahani yake ya bati yenye ua la kijani lililochakaa. Kabla hajaigusa, fundi aliinuka, akaichukua, akaimwaga yote katikati ya sinia letu, akairudisha tupu mahali pake.

Shangazi akasema, "Ee!"

Baba mkubwa aliinuka. Sijawahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile wala baada yake. "Umenilia chakula changu," akasema.

"Kaa chini, Rubani, nina taarifa. Nilichelewa kuitoa."

Akamwambia. Watatu, kondoo, jioni ile ile, miaka yote ya chai. Hakupamba. Alipomaliza akasema, "Nikikuacha ufe unakula peke yako kwa mabomu niliyoyaning'iniza mimi, basi na mimi niletewe sahani yangu."

Hakuna aliyekula. Kuku waliona hivyo, wakasogea. Baba mkubwa alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, viganja chini.

"Bado sijui," akasema. "Hata ukisema hayo yote. Wangapi, sijui. Na maji yanamwagwa kwa idadi."

Shangazi akawafukuza kuku. "Mimi niliwabebea maji siku ile," akasema. "Ndoo tisa kutoka mtoni. Wanaume wote waliojua mambo haya wameisha, lakini mbeba maji nipo, na niliona yote. Sasa nijibuni mimi. Wewe fundi, uliyaning'iniza?"

"Niliyaning'iniza, mama."

"Na wewe, kaka, uliyabeba?"

"Niliyabeba."

"Ukayaachia kwa mkono wako?"

"Kwa kidole hiki."

"Mangapi?"

Baba mkubwa alitaja idadi.

Aliitaja pale pale, bila kufikiri, kama mtu anayetajiwa jina lake akaitika. Idadi hiyo siiandiki hapa, ni yake. Nilichokiona ni uso wake alipoisikia inatoka. Nadhani katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza swali analolijua. Mimi mwenyewe niliyemtembeza kwenye matete nikimwona anahesabu bundi, sikuwahi.

"Basi hiyo ndiyo hesabu," shangazi akasema. "Wazee walikuuliza ya chini, na wewe ulikuwa juu. Tutaosha ya juu. Ya chini Mungu anayajua, na padri ulishaongea naye."

"Hayo yanakubalika?" baba mkubwa akauliza. Nilisikia sauti yake imekuwa ndogo.

"Nani atakataa? Mwite aje."

Baba mkubwa akatazama makaburi ng'ambo ya zizi, akageuka. Hakuita mtu.

Kondoo alipatikana kwa jirani. "Mmoja anatosha," shangazi alisema, "sitaki kumaliza zizi la watu kwa ajili ya madege yenu." Majani ya tumboni yakapakwa mikononi mwa wote wawili, maana fundi alisisitiza kuanza upya. Kisha maji. Fundi alimwaga kwa kata, mkono wake wa kushoto umekingwa chini ya mikono ya mwenzake ili maji yawapitie wote. Na baba mkubwa akahesabu kwa sauti. Ile sauti niliijua, ilikuwa ya asubuhi za Bunda, fimbo mkononi, haiharakishi na hairuki.

Ilichukua muda. Ndoo ya kwanza ikaisha, nikakimbilia ya pili. Mke wangu alichungulia dirishani akauliza, "Bado tu?" Shangazi akamkemea arudi ndani. Mahali fulani fundi alimwaga mara mbili kwa haraka.

"Hiyo umeirudia," baba mkubwa akasema.

"Sijairudia."

"Umeirudia. Nilikuwa na wewe uwanjani, unapendaga kuharakisha. Tunarudi nyuma moja."

Wakarudi nyuma moja. Nilitazama upande mwingine, nikajifanya naangalia lile tairi la nyuma kushoto. Kweli halikuwa na upepo.

Alipotaja idadi ya mwisho, alibaki amenyoosha mikono, maji yanadondoka, kana kwamba hajui aiweke wapi. Shangazi akampa kitambaa, akakataa. "Ikauke yenyewe," akasema. Kisha akakaa kwenye sinia, ugali umepoa, akamega tonge kutoka upande wangu. Tulikula wote. Fundi akamwambia mlenda wake una chumvi nyingi, akajibiwa hakualikwa.

Baada ya chakula akasimama mlangoni. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani, hatua mbili kutoka kizingiti, mtoto mapajani. Baba mkubwa akaingia. Nilidhani atampokea mara moja. Badala yake akaanza kuzunguka. Alikizunguka kigoda, mama na mtoto, duara zima, taratibu, akiinama, kichwa kikienda huku na huku.

"Anafanya nini?" mke wangu akaninong'oneza.

"Anakagua," nikasema.

"Akikuta tairi halina upepo aseme mapema."

Baba mkubwa alisikia. Nikaona bega lake linacheka. Akasimama mbele yake, akanyoosha mikono, na mke wangu, ambaye kwao mtoto anatolewa na yeyote, alimweka mtoto juu ya ile mikono kwa uangalifu ambao sijamwona akiufanya hata kwa mayai.

"Mke wangu," baba mkubwa akamwambia mtoto, kama babu wote wanavyosema. "Umechelewa."

Akavuka naye kizingiti. Nje kulikuwa na mwanga wa saa tisa, mweupe, na mtoto akakunja uso. Akamwonyesha zizi. Akamwonyesha shamba la mihogo, na makaburi, na la baba yangu alikaa nalo kidogo. Akamwambia hapa ni kwenu, ukiondoka utaondoka kutoka hapa. Maneno hayo ya mwisho hayamo katika desturi. Nadhani yalinilenga mimi, na niliyapokea.

Kisha akaketi kwenye benchi, akamsogeza mtoto karibu na uso wake mpaka pua zikakaribia kugusana. Hakuweza kumwona mzima. Ilibidi ampitie kipande kipande: jicho, jicho la pili, sikio, kidevu. Akafungua ngumi ya mtoto kwa kidole kile kile, akavipitia vidole kimoja baada ya kingine, midomo ikitembea bila sauti. Akafungua ngumi ya pili.

"Kumi," akasema.

"Na vya miguu?" shangazi akauliza.

"Subiri. Sijafika huko."